Meno mawili ya mbele hayakuota

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 14. Meno mawili yanayopakana na yale makubwa ya mbele hayakuota. Eksirei imeonyesha hayamo hata ndani ya ufizi. Akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Tumpandikize?

JIBU: Pole mama, lakini msiharakishe. Taya lake bado linakua. Jino la kupandikizwa, yaani la bandia linaloshikizwa ndani ya mfupa wa taya, huganda palepale huku jirani zake wakiendelea kushuka, mwishowe likaonekana fupi. Anzeni na waya za meno. Chonge zake, yale meno yenye ncha yanayofuata pengo, zikiwa nyembamba, mimi ningezivuta mbele zizibe pengo, kisha nizipunguze ncha na kuzijazia kingo. Ni meno yake mwenyewe. La sivyo, nafasi ipanuliwe, abandikiwe meno ya bandia kwa gundi hadi akomae. Na mwambieni hakuyaharibu yeye, amezaliwa hivyo.