Supahiti ya 10 °F ni nyuzi ngapi za Selsiasi?

Swali: Habari za kazi, fundi. Narekebisha friji la bucha linalotumia gesi ya R134a. Kitabu chake ni cha Kimarekani, kinataka supahiti iwe 10 °F. Kipimajoto changu ni cha Selsiasi. Nimetoa 32, nikagawa kwa 1.8, nikapata –12.2. Inawezekanaje supahiti iwe chini ya sifuri?

Jibu: Haiwezekani, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kugusa valvu. Kanuni yako ni sahihi, ila ni ya kubadilisha joto linalosomwa kwenye kipimo. Supahiti ni tofauti ya majoto mawili: la bomba linalorudisha gesi kwenye kompresa, na lile ambalo gesi inachemkia ndani ya evapareta, yaani mabomba yanayopoza ndani ya friji.

Tunatoa 32 kwa sababu vipimo hivi havianzii pamoja. Barafu huyeyuka kwenye 0 °C, ambayo ni 32 °F. Ukishatoa joto moja kwenye jingine, zile 32 za kila upande zimekatana zenyewe. Inabaki tofauti ya hatua tu: toka barafu kuyeyuka hadi maji kuchemka, Farenhaiti ina hatua 180, Selsiasi 100. Kwa hiyo gawa kwa 1.8, basi. Unatafuta nyuzi 5.6 za Selsiasi.

Kama bado una shaka, rudi kwenye geji ya presha. R134a ikiwa kwenye psi 28 hivi huchemka kwenye 32 °F. Ongeza 10, bomba lisome 42 °F. Hiyo 42 sasa ni joto la kusoma, kwa hiyo itumie kanuni nzima: toa 32, gawa kwa 1.8, unapata 5.6 °C. Na gesi inachemka kwenye 0 °C. Tofauti ni ileile.

Ukikosea hapa si kosa la karatasini. Supahiti ikiwa ndogo mno, gesi hurudi ikiwa bado majimaji na kuua kompresa. Ikizidi sana, evapareta hukosa gesi ya kutosha na nyama haipoi.

Vitabu vya Ulaya huandika supahiti kwa kelvini, tuseme 6 K. Usianze kutoa 273 kama kwa joto la kusoma! Hatua ya kelvini ni sawa na ya Selsiasi, kwa hiyo ni nyuzi 6 tu.

Ukifika kwenye thamostati, fanya vivyo hivyo: ikiwa kitabu kinataka tofauti ya 4 °F kati ya kuwaka na kuzima, weka 2.2 °C.