Mbona taa za ndege hupokezana mchana kweupe?

SWALI: Mhariri, hivi karibuni nilisimama karibu na uzio wa uwanja wa ndege, yapata saa nne asubuhi, nikaona ndege ndogo ikija kutua huku taa zake mbili za mbele zikipokezana: ya kushoto ikiwaka, ya kulia inafifia, kisha kinyume chake. Mwenzangu alidai ni hitilafu ya umeme. Kama si hitilafu, zina faida gani mchana, na kwa nini zisiwake mfululizo tu? Aidha, ni kweli kwamba zinafukuza ndege wa porini?

JIBU: Si hitilafu. Zile ni taa za kutua zilizounganishwa na kifaa kinachozifanya ziwake kwa mapigo, na lengo lake ni kumfanya rubani wa ndege nyingine aione mapema ndege yenye taa hizo.

Jicho la binadamu, hasa kwa upande wake wa pembeni, hunasa upesi kitu kinachosogea na hukipuuza kilichotulia. Balaa ni kwamba ndege inayokuja kukugonga haisogei machoni pako. Ndege mbili zikielekea mahali pamoja kwa njia iliyonyooka na mwendo usiobadilika, kila rubani humwona mwenzake ameganda pale pale kwenye kioo, mfano wa doa la uchafu, na doa hilo hukua polepole mno hadi sekunde za mwisho, linapofumka ghafla. Mamlaka ya anga ya Marekani hukadiria kwamba rubani huhitaji takriban sekunde 12.5 tangu aone kitu hadi ndege yake ianze kukikwepa. Ndege mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda kilomita 220 kwa saa, hukaribiana kwa zaidi ya kilomita 1.5 katika muda huo. Taa inayopigapiga hulipatia doa lile mfano wa mwendo ambao lenyewe halina.

Taa inayowaka mfululizo nayo husaidia, ndiyo maana marubani wa Marekani huhimizwa kuwasha taa za kutua, usiku na mchana, wanaporuka chini ya futi 10,000 au karibu na uwanja. Hata hivyo, mwanga mtulivu una kisa chake. Mwaka 1943 jeshi la majini la Marekani lilifunga taa kwenye ukingo wa mbele wa mabawa ya ndege za vita na kulinganisha mwanga wake na ung'avu wa anga. Ndege ikafifia machoni badala ya kuonekana. Zilikuwa taa za kujifichia! Mapigo hayaruhusu ulinganifu wa namna hiyo, kwa kuwa anga haipigi.

Kuhusu ndege wenye manyoya (lugha yetu imewapa jina moja na mashine, nasi tutavumilia), majaribio yaliyofanywa Marekani kwa bata bukini wa Kanada yalionyesha kwamba ndege iliyowasha taa iliwashtua mapema kuliko iliyozima. Lakini kushtuka si kukimbia, wala anayekimbia si lazima achague upande ulio salama, kwa hiyo neno "kufukuza" naliona limezidi kipimo.

Rubani anapokaribia kutua usiku huzirudisha taa hizo kwenye mwanga wa mfululizo, maana sasa ni yeye anayehitaji kuiona njia. Tusizichanganye na taa za kuzuia kugongana, nyekundu au nyeupe, ambazo kanuni huzitaka zimulike kati ya mara 40 na 100 kwa dakika, na ambazo rubani anaweza kuzizima akiwa ndani ya wingu ili mng'ao unaorudi usimtie kizunguzungu. Hizo huonekana kutoka kila upande. Taa za kutua hutazama mbele tu, hivyo rubani anayekuja kwa nyuma hatayaona mapigo yake hata kidogo.