Umembeba au Umemtundika?

"Mwanangu, huyo mtoto umembeba au umemtundika?" Ndivyo mavyaa alivyoniuliza siku ya kwanza nilipotoka na mbeleko ya mikanda. Nilinuna, lakini alisema kweli. Kiti chake, pale anapokalia mtoto, kilikuwa chembamba, miguu ya mtoto yaning'inia, uzito wote uko mabegani kwangu. Kufika ng'ambo ya Likoni, shingo ilikuwa imekakamaa na feri sijashuka.

Ya pili nilikwenda kuichagua na mtoto mwenyewe, na babake. Muuzaji alitaka kunionyesha kwa mwanasesere, nikakataa. Nilimtia mtoto, nikazunguka dukani robo saa nzima. Nilichotazama kwanza ni kiti: kitambaa kimshike toka goti hadi goti, na magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, kama chura. Ndivyo akaavyo kwenye leso mgongoni. (Wala si elimu ya Ulaya hii. Ann Moore, muuguzi Mmarekani, aliwaona akina mama wa Togo wakibeba watoto, akarudi kwao akaunda mbeleko iitwayo Snugli, iliyopata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, 1969. Twauziwa chetu!)

Halafu mshipi wa kiuno. Uwe mpana, na ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Hapo mabega hupumua. Mume wangu ana kitambi, mimi ni mwembamba, kwa hivyo tuliujaribu sote wawili. Mbeleko isiyomfika mmoja wenu ni ya mtu mmoja, hata iwe nzuri vipi.

Lebo isome. Nyingi huanzia kilo 3.5 na kuishia 15 au 20. Yetu kiti chake hupanuliwa mtoto akikua. Imembeba kifungua mimba hadi miaka mitatu, sasa ni zamu ya mdogo wake. Mgongoni nilingoja hadi akaweza kukaa peke yake. Kifuani, kila mara napitisha vidole viwili chini ya kidevu: kikigusa kifua, hapumui vizuri.

Na joto letu hili! Sponji nene hupendeza dukani, lakini kaskazi ikishika mwalowa nyote wawili. Ile ya kwanza ilinuka vundo, kuifua haikauki siku mbili. Chukua ya wavu au pamba nyepesi.

Mtumba si vibaya, ila vuta kila mshono na ufunge klipu mara kumi ukisikiliza mlio wake. Klipu yenye ufa, iache hata kwa shilingi hamsini.

Jambo moja lilinipita: klipu ya nyuma ya shingo. Jaribu kuifunga mwenyewe, bila msaada, kabla hujalipa. Siku hizi mavyaa huiazima akienda Marikiti, na kila akiivaa hunipigia kelele toka uani: "Njoo unifungie hii ya nyuma, siifikii!"