Mmempa nini njiani?

Mtoto akiletwa mapokezi ananuka mafuta ya taa, nauliza maswali matatu: amekunywa nini, saa ngapi, na mmempa nini njiani? Mawili ya kwanza hujibiwa upesi. Nikifika kwenye la tatu, watu wanaanza kuangaliana.

Miaka yangu mingi ya utabibu nimeitumia kwenye vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa, huku kwenye pamba, ambako chupa ya dawa ya shamba ikiisha huoshwa ikawekwa maziwa. Nimejifunza kuliogopa lile swali la tatu kuliko sumu yenyewe.

Chukua hayo mafuta ya taa. Tumboni hayana madhara makubwa sana, hatari iko kwenye mapafu. Ukimtapisha mtoto kwa kidole, kwa maji ya chumvi au kwa maziwa ya kulazimisha, mafuta yanapanda na kuteleza hadi kwenye njia ya hewa, na kesho yake tunatibu kifua. Ndiyo maana hata sisi hatumwoshi tumbo, ingawa ndugu hukasirika: “Mbona mnamtazama tu?” Si kumtazama tu. Tunamvua nguo zilizolowa, tunamwogesha kwa sabuni, tunahesabu pumzi zake kwa saa 6 au zaidi. Asipokohoa wala kuhema kwa taabu, kwa kawaida anarudi nyumbani.

Sumu ya shamba ndiyo inayonitoa jasho. Mara nyingi ndugu husema, “Alikuwa na malaria, akaanguka ghafla.” Sibishani nao. Naangalia mboni za macho: zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mate yanamtoka, machozi, jasho, amejikojolea, anaharisha, kifua kinakoroma, misuli inachezacheza chini ya ngozi. Mwili ukilowa kila mahali namna hiyo, sisubiri maelezo. Navaa glavu, namvua nguo, natafuta atropini, dawa ya kukausha majimaji hayo.

Hapa nasema na wenzangu wa vituoni. Mtu mzima naanza naye na miligramu 2, na kila dakika 5 kifua kisipokauka nazidisha mara mbili: 2, 4, 8, 16. Piga hesabu, ndani ya robo saa umetumia miligramu 30, na kabati la kituo kidogo limebaki tupu. Kwa hiyo simu ya wilayani ipigwe mwanzoni, si ampuli ya mwisho ikiwa mkononi. Wapya husimamisha dawa wakiona mboni zimepanuka au mapigo yanaenda mbio. Kinachoamua ni kifua, kwa hiyo kisikilizeni. Na kikishakauka msiondoke kitandani, maana kinaweza kulowa tena.

Kwenu ndugu: leteni chupa, hata tupu. Kama kulikuwa na ugomvi nyumbani, ninong'onezeni tu, mimi si polisi. Mleteni kwanza, PF3, ile fomu ya polisi, itafuata. Akizinduka, msimkaripie. Mmoja wenu akae naye.

Parasetamoli nyingi hudanganya kwa njia nyingine. Siku ya kwanza mgonjwa anaongea na kula, ndugu wanataka ruhusa, kumbe ini linakufa kimyakimya. Dawa yake, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Msingoje macho yawe ya njano.

Sasa nyoka, na hapa nina kosa langu. Kijana mchunga ng'ombe aliletwa ameumwa kifundo cha mguu, amefungwa kipande cha mpira wa baiskeli chini ya goti. Mguu ulikuwa wa baridi, na kope zilishaanza kulegea. Kwa hasira nikachukua mkasi nikakata mpira ule papo hapo. Sumu iliyokuwa imezuiliwa ikapanda kwa mkupuo. Dakika chache baadaye shingo ikamshinda, kisha kifua kikanyamaza. Tulimsukumia hewa kwa ambu, mfuko wa kubonyeza kwa mkono, kwa zamu, njia nzima hadi hospitali. Alipona, lakini viganja vyangu bado vinaikumbuka safari ile. Siku hizi mgonjwa akija amefungwa, kwanza naweka dripu, ambu inakaa kando ya kichwa, dawa ya nyoka na adrenalini mezani kama zipo, ndipo nalegeza kidogo kidogo.

Nyumbani msimkaze kamba wala mpira kabisa. Msichanje, msinyonye, msibandike jiwe jeusi. Mvueni pete na bangili kabla mguu au mkono haujavimba, kifungeni kiungo kwenye ubao kama kilichovunjika, naye asitembee. Kama usafiri ni pikipiki, apakiwe mshikaki, akae katikati. Nyoka mwacheni aende zake. Koboko nitamjua kwa kope na pumzi, kifutu kwa uvimbe na maumivu. Damu naipima kwa mililita 2 ndani ya kichupa cha kioo, safi na kikavu. Isipoganda kwa dakika 20, tayari nina jibu: sumu imeingia kwenye damu. Na mtoto hapunguziwi dawa ya nyoka kwa sababu ni mdogo: nyoka hakumpunguzia sumu.

Juzi bibi mmoja alishuka kwenye bodaboda na mjukuu mgongoni, chupa ya maji yenye mafuta ya taa nusu ameifunga kwenye pindo la khanga. Nikamuuliza swali langu la tatu. “Sijampa kitu, daktari,” akasema, sauti ya kujitetea kabisa, kama mtu aliyekosea.