Kukaza Tumbo Baada ya Kujifungua kwa Upasuaji

SWALI: Daktari, nilijifungua kwa upasuaji miezi minne iliyopita na bado ninanyonyesha. Ngozi ya tumbo imelegea hadi inaning'inia juu ya kovu. Je, ninaweza kufanyiwa upasuaji wa kuikaza sasa? Mama wa watoto watatu, Tanga.

JIBU: Dada yangu, bado mapema. Madaktari wengi hutaka ipite angalau miezi 6 hadi 12 tangu kujifungua, na miezi kadhaa baada ya kumwachisha mtoto ziwa, ili uzito utulie na misuli iliyoachana katikati ya tumbo irudi kadiri inavyoweza. Kovu lenyewe, ambalo pengine sasa ni gumu na linawasha, huchukua mwaka au zaidi kukomaa. Likiwa chini, kwenye mstari wa chupi, si kikwazo, kwani kwa kawaida huondolewa pamoja na ngozi iliyozidi. Linalotutia wasiwasi zaidi ni kovu la mshazari chini ya mbavu za kulia, kama lile la upasuaji wa kibofu cha nyongo, kwa sababu hupunguza damu inayofika kwenye ngozi inayovutwa kushuka, na sehemu ya ngozi hiyo inaweza kufa. Kwa hiyo mtajie daktari kila upasuaji uliowahi kufanyiwa, hata wa utotoni. Na kama bado unatarajia mtoto wa nne, ahirisha hadi umzae, maana mimba huweza kulegeza upya kilichokazwa kwa gharama kubwa.