Seli za gegedu nje ya goti: maswali na majibu

*Ninafundisha biolojia Masasi. Mwanafunzi ameniuliza kama seli za gegedu zikikuzwa maabara hubaki kuwa za gegedu.*

Mwalimu, hazibaki hivyo kwa muda mrefu. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi gegedu yenyewe, nunua goti la mbuzi kwa muuza nyama, ulifungue: tabaka jeupe linaloteleza kwenye ncha ya mfupa ndiyo hiyo. Seli zake ni chache na za duara, kila moja imejifungia katika kijumba chake, na kazi yake ni kutengeneza kolajeni (protini ya nyuzi) ya aina ya 2 pamoja na agrekani, ambayo hushika maji na kuliwezesha goti kuhimili uzito. Maabara, tabaka hilo huyeyushwa kwa vimeng'enya, kisha seli humwagwa katika chombo bapa cha plastiki chenye majimaji ya lishe. Hapo hujibandika chini, hutandazika na kutoa ncha ndefu, na kadiri zinavyozaana na kuhamishiwa vyombo vipya, kolajeni ya aina ya 2 hupungua, ikaanza kuongezeka ile ya aina ya 1, ambayo ni ya ngozi, kano na makovu.

*Je, jeni zake zimeharibika? Mwanafunzi, Lindi mjini.*

La. Jeni ni zile zile, ila zinazotumika ndizo zinazobadilika. Seli ikitandazika, nyuzi zake za ndani hukazwa, na protini iitwayo SOX9, ambayo huziamsha jeni za gegedu, hupungua.

*Zinaweza kurudia hali yake? Mkulima wa mwani, Mtwara.*

Mara nyingi zinaweza, na jibu linaigusa kazi yako kwa mbali. Mwaka 1982, watafiti Benya na Shaffer walionyesha kwamba seli za gegedu za sungura zilizokwisha kupoteza tabia yake, zikitiwa ndani ya jeli ya agarosi, ambamo haziwezi kutandazika, huanza upya kutengeneza kolajeni ya aina ya 2. Agarosi hutoka kwenye mwani mwekundu, ingawa si jamii ile inayolimwa sana katika pwani yetu, ambayo hutoa karajini. Hata hivyo, seli zilizohamishwa mara nyingi mno hurudi kwa shida, kwa hiyo si busara kuzizidisha bila kikomo kwa tamaa ya wingi.

*Mama yangu analima korosho Newala, na magoti yote mawili yamechakaa. Je, seli hizi zitamfaa?*

Mpe pole mama. Upandikizaji wa seli za gegedu za mgonjwa mwenyewe, zilizokuzwa maabara, ulielezwa Uswidi mwaka 1994 kwa wagonjwa 23, na kati ya 16 waliotibiwa kwenye ncha ya mfupa wa paja, 14 walipata matokeo mazuri baada ya miaka miwili. Wote walikuwa na jeraha la sehemu fulani ya gegedu, si uchakavu wa goti zima kama wake. Mpeleke kwa daktari wa mifupa, ambaye kwa hali hiyo kwa kawaida huanza na mazoezi, kupunguza uzito ikiwa umezidi, na dawa za maumivu.