Uliza Fundi: Spiriti kwenye mashine ya boti

SWALI: Asalaam aleikum fundi, shikamoo. Mimi napiga boti Shela na Amu mjini, mashine ni tu-stroku ya hosipawa 15. Petroli imepanda mno, sasa kuna jamaa ananiambia nichanganye na spiriti nusu kwa nusu, ati Brazil magari yanatembea na pombe ya miwa. Kweli ama ataniulia mashine?

JIBU: Waaleikum salaam nahodha, marahaba. Ya Brazil ni kweli, mpango wao ulianza 1975 na mwaka 1979 Fiat 147 ya ethanoli tupu (ndiyo hiyo pombe, na ndiyo iliyo kwenye spiriti) ikaingia sokoni, lakini ile gari ilitengenezwa kwa ethanoli toka kiwandani, yako sivyo.

Petroli ni kaboni na haidrojeni tu. Ethanoli imeshabeba oksijeni ndani ya molekuli yake, yaani ni kama kuni iliyoanza kuungua kabla hujaitia jikoni, kwa hiyo lita moja ya petroli inakupa nishati kama megajuli 32 na ya ethanoli kama 21 basi. Halafu kilo ya petroli inataka hewa kilo 14.7 hivi, ya ethanoli inatosheka na 9, sasa jeti ya kabureta yako, kile kitundu kinachopitisha mafuta, ilitobolewa kwa petroli, ukiipitishia spiriti hewa inakuwa nyingi mafuta kidogo, mashine inakohoa, inapata joto kali, nguvu haina. Sifa zake inazo, oktani yake, yaani uwezo wa kubanwa bila kujilipukia, iko juu ya 100 na ikivukiza inapoza hewa inayoingia, ila faida hiyo anaila mwenye injini ya kompresheni kubwa, ile inayobana hewa sana.

Kinachonitia hofu zaidi ni oili. Tu-stroku inalainishwa na oili uliyoichanganya kwenye petroli, na spiriti ya dukani ina maji ndani. Chukua chupa safi ya plastiki, mbali na moto, tia petroli yako yenye oili kisha ile spiriti, tikisa, iache itulie. Maji yakiwa ya kutosha utaona tabaka mbili, juu petroli imebeba oili yote, chini spiriti na maji. Na mpira wa tangi unavuta wapi? Chini! Pistoni inasugua silinda kavukavu na inakwama, pengine uko katikati ya mkondo na abiria na mawimbi ya kusi. Tafadhali usijaribu nahodha, ukitaka kupunguza gharama safisha plagi, angalia propela kama imeliwa, na usikimbie fulu kila safari.

SWALI: Fundi, kwa nini moto wa jiko la spiriti ni buluu na sufuria haishiki masizi? Mama wa Malindi.

JIBU: Mama, ule umanjano wa moto wa mafuta ya taa ni chembe za masizi zinazong'aa kwa joto. Ethanoli ina kaboni mbili tu na oksijeni yake, masizi hayapati nafasi ya kujengeka. Methanoli, pombe nyingine jamaa yake, ina kaboni moja, moto wake mchana hauonekani kabisa, na hiyo ni sumu, ikinywewa inapofusha na kuua, iweke mbali na watoto. Hata hilo jiko la ethanoli, ukidhani limezimika usiongeze spiriti mpaka lipoe kabisa.